Ufunguo wa Daftari la Babu: Kutafuta Vitabu vya Kifaransa Mjini Durban

Maneno yaliyosemwa na mmoja wa mabinti wa ukoo mbele ya mkutano wa jamaa, Durban, Afrika Kusini

Nawapa pole ya safari ninyi mliotoka Montréal, Brussels na Lyon, na ninyi mliolala ndani ya basi kutoka Cape Town na Johannesburg. Jamaa walioshindwa kufika, hasa wale walioko Burundi, watayasoma maneno haya katika kijitabu chetu, nami nawaomba wayapokee kana kwamba wameketi hapa pamoja nasi.

Kamati imenipa nusu saa nizungumze juu ya mahali pa kupata vitabu vya Kifaransa kwa watoto wetu na kwa wazazi wanaopenda kujifunza. Nimechaguliwa kwa sababu nilisomea ualimu wa lugha hiyo huko Bukavu kabla sijaondoka nyumbani. Nilikubali, lakini nilimweleza Mwenyekiti kwamba siwezi kuzungumzia maktaba kabla sijazungumzia kosa langu. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwangu mimi yalikuja kwa njia ya mwana.

Kosa langu

Nilifika Durban mwaka 2002, nikiwa na cherehani ya kuazima na diploma niliyoikunja ndani ya kitenge. Mwaka 2004 nilijaliwa mtoto wa kwanza. Nyumbani tulisema Kiswahili, na kwa hilo sijuti hata kidogo. Shuleni alifundishwa Kiingereza na Kizulu, na mitaani Kizulu kilimkaa mdomoni kama mtoto wa hapa. Kifaransa nilikifungia sandukuni pamoja na ile diploma. Niliona hakininunulii mkate. Nilijiuliza: mtoto wa Albert Park atakifanyia nini Kifaransa? Wakati mwingine mume wangu na mimi tulikitumia usiku, tulipotaka kuzungumza juu ya kodi ya nyumba watoto wasisikie. Kwa hiyo lugha ile iliingia masikioni mwa watoto wangu kama mlango uliofungwa.

Ikaja Aprili 2015. Ninyi mliokuwa hapa mnakumbuka, na ninyi wa mbali mliyaona katika televisheni. Wageni walishambuliwa, maduka yakavunjwa, na watu kwa maelfu wakakimbilia kambi za mahema. Sisi tulikuwa Chatsworth, uwanjani, kwa majuma kadhaa. Dada wa mume wangu alipoamua kurudi Bukavu, tulimkabidhi kijana wetu, aliyekuwa na umri wa miaka 11, ili angalau mmoja wa watoto wetu alale chini ya paa.

Huku alikuwa darasa la sita, na walimu walimsifu. Kule alipewa ukurasa wa Kifaransa ausome mbele ya mwalimu. Mnafahamu jinsi shule zetu za mashariki ya Kongo zilivyo: Kiswahili hutumika katika madarasa ya chini, kisha Kifaransa kinashika masomo yote, hesabu na jiografia pia. Kijana alinyamaza. Akawekwa darasa la nne, akaketi na watoto waliomfika begani. Juma la pili alipiga simu. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Mama, ulikuwa unakijua. Kwa nini hukunipa?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Tangu siku ile nilianza kuzunguka mji huu nikitafuta vitabu kwa ajili ya wadogo zake wawili waliobaki nami. Niliyoyapata katika kuzunguka huko ndiyo nitakayowaeleza. Lakini nivumilieni kwanza niseme jambo la pili, kwa sababu linatuhusu sote.

Daftari za mzee wetu

Wazee walio mbele yangu wanamjua mwandishi wa daftari zile kama baba yao. Sisi tunamjua kama babu. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni tangu kabla ya uhuru wa 1960, na alizoea kuandika kila jambo zito kwa Kifaransa, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Katika daftari tatu aliandika majina ya watoto wa kila nyumba, tarehe za ubatizo, mahari zilizotolewa na zilizobaki, mipaka ya kiwanja cha Bukavu, na majina ya mashahidi waliokuwapo mipaka ilipopimwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee wetu hakutaka tupotee bila habari.

Daftari zile zilikaa miaka mingi ndani ya sanduku la bati nyumbani Bukavu. Mwishoni mwa Januari 2025, Goma ilipotekwa, kijana wangu, ambaye alikuwa amekwisha kufaulu mtihani wa taifa mwaka 2024, alikaa usiku kucha akipiga picha kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa. Ni kurasa 118. Katikati ya Februari wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu. Yeye na bibi yake walivuka kwenda Burundi. Baadaye tulipata habari kwamba nyumba ilivunjwa, na sanduku la bati halikuonekana tena.

Kwa hiyo kumbukumbu ya ukoo wetu sasa ni picha 118 ndani ya simu zetu. Wadogo wa kijana yule wanazo, na watoto wenu wengi wanazo, maana nimewatumia. Wazitazame watakavyo: wengi wao hawawezi kusoma mstari mmoja.

Najua baba mkubwa ataniambia, kama alivyoniambia jana jioni: "Tafsirini kwa Kiswahili, yaishe." Ni neno la busara, na kazi hiyo tumeianza. Lakini tafsiri huhitaji mtu wa kuihakiki. Siku shauri la kiwanja litakapofika barazani, hakimu atauliza maandishi yenyewe, si tafsiri yetu. Na wale wanaoweza kuihakiki leo ni wazee wenye nywele nyeupe. Mungu awape umri mrefu, lakini ukoo wenye hekima hauachi ufunguo mmoja mikononi mwa mtu mmoja.

Tena baba mkubwa alisema kwamba Kifaransa ni lugha ya Mbelgiji, na kwamba Kiswahili ndicho chetu. Nakubaliana naye katika hili la pili kwa moyo wote. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mtoto asiyejua Kiswahili hatakuwa na mahali pa kusimama ili ajifunze Kifaransa. Siwaombi mbadilishe lugha ya nyumbani. Naomba tuongeze ufunguo mmoja katika mshipi, kwa sababu vyeti vyetu vya kuzaliwa, ripoti zetu za shule, hati zetu za ardhi na barua za binamu wa Montréal vimefungwa kwa kufuli hiyo.

Nilipata faraja na onyo katika historia ya mji huu. Huko Chatsworth, ambako tulilala chini ya mahema, wanaishi watu waitwao Wazanzibari. Wazee wao walifikishwa Durban kuanzia mwaka 1873, baada ya kuokolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Wengi wao walikuwa Wamakua wa Msumbiji. Waliishi King's Rest, sehemu ya Bluff, mpaka serikali ya ubaguzi ilipowahamishia Chatsworth katika miaka ya 1960. Kimakua kilidumu miongoni mwao kwa vizazi kadhaa, mbali na nchi kilikotoka, kwa kuwa waliishi pamoja, waliswali pamoja na walikuwa na sababu ya kukisema. Lugha haitunzwi kwa mapenzi tu. Inataka mahali na kazi. Mahali nitawaonyesha sasa. Kazi tunayo: kurasa 118.

Kwanza: rafu za maktaba ya umma

Nilianza katika maktaba za umma za manispaa ya eThekwini. Mara ya kwanza, katika tawi moja ambalo sitalitaja, nilirudishwa mlangoni kwa sababu aliyekuwa mezani hakuitambua hati yangu ya ukimbizi, na bili ya umeme ilikuwa na jina la mwenye nyumba. Nilirudi nyumbani na uchungu. Mara ya pili nilikwenda na barua ya mwenye nyumba na nakala ya hati, nikamkuta mkutubi mwingine, nikapewa kadi. Nawaeleza haya ili msikate tamaa: ulizeni kwanza ni vielelezo gani vinavyotakiwa, mvikusanye vyote ndani ya bahasha moja, na mkikataliwa, rudini siku nyingine kwa upole. Kuuliza si ujinga.

Ukiisha kuingia, usizunguke ovyo. Maktaba za umma za hapa hupanga vitabu kwa namba za Dewey, utaratibu ambao Mmarekani Melvil Dewey aliutangaza mwaka 1876. Namba hizo ni zile zile Durban na Nairobi. Kumbukeni mbili tu. Namba 440 ni lugha ya Kifaransa yenyewe: kamusi, sarufi, vitabu vya mazungumzo. Namba 840 ni fasihi ya Kifaransa: 841 ni mashairi, 842 tamthilia, 843 riwaya. Vitabu vya Waafrika walioandika kwa Kifaransa navyo mara nyingi huwekwa humo. Na ili msidhani nimesahau mbachao, Kiswahili kiko 496.392.

Vitabu vya watoto na vya lugha za kigeni wakati mwingine huwa na rafu zao mbali na hesabu hiyo, basi mwulize mkutubi. Katika tawi la kwanza nililopewa kadi nilikuta kamusi mbili, sarufi moja na riwaya chache zilizofifia. Nilitaka kulalamika, kisha nikafikiri: maktaba hununua kinachoombwa, nasi tulikuwa hatujaomba. Maktaba nyingi huwa na fomu ya kupendekeza vitabu vya kununuliwa. Ijazeni. Familia kumi zikijaza fomu kumi, ombi litaonekana. Pia kuna njia ya kuazimiwa kitabu kutoka maktaba nyingine: unataja jina la kitabu na mwandishi, na maktaba yako inakitafuta katika maktaba wenzake. Huchukua muda na huenda ukatozwa kiasi, lakini ndivyo mtu wa mtaa mdogo anavyoweza kufikia rafu za mji mkubwa.

Pili: Alliance Française

Huko Morningside, juu ya mji, kuna Alliance Française ya Durban. Shirika hili lilianzishwa Paris mwaka 1883 kwa kufundisha Kifaransa ng'ambo, na lina vituo katika nchi nyingi. Kwa miaka mingi sikuthubutu kuingia. Niliona ni mahali pa watu wenye magari, wanaojifunza Kifaransa kwa ajili ya kwenda likizo. Siku nilipoingia na viatu vyangu vya vumbi, nikasalimu kwa Kifaransa, nilijibiwa kwa heshima, na nikajiona nimerudi darasani Bukavu.

Mle mna madarasa na vitabu, vikiwamo vya picha kwa watoto. Uanachama na masomo hulipiwa, na ada hubadilika, kwa hiyo ulizeni kabla ya kwenda. Kwa familia yenye watoto watatu si fedha ndogo. Ndiyo maana nitaleta pendekezo mwishoni. Huko ndiko pia mtu anakoweza kuuliza habari za mitihani ya DELF, iliyoanzishwa na serikali ya Ufaransa mwaka 1985. Huanza ngazi ya A1 kwa anayeanza hadi B2, na kuna ile ya watoto wa shule ya msingi. Cheti chake hakiishi muda. Mtoto ambaye kesho atahamia Montréal au atarudi Bukavu atakuwa na karatasi ya kuonyesha, asipimwe kwa kunyamaza kwake kama alivyopimwa mwanangu.

Wazazi wa vijana wa sekondari wajue pia kwamba Kifaransa kinatambuliwa katika mtihani wa matriki wa Afrika Kusini kama lugha ya ziada ya pili. Shule zinazokifundisha si nyingi. Ulizeni mapema, kabla mtoto hajachagua masomo.

Tatu: maktaba iliyo ndani ya simu

Simu zetu, ambazo tunazilaumu kwa kuwaharibu watoto, zina maktaba ndani yake. Nitataja chache ambazo nimezitumia mwenyewe.

African Storybook ni mradi ulioanzishwa hapa hapa Afrika Kusini na shirika la Saide la Johannesburg, ukafunguliwa kwa umma mwaka 2014. Una hadithi fupi za picha, bila malipo, ambazo unaruhusiwa kuzipakua na kuzichapa. Uzuri wake kwetu ni huu: hadithi moja inaweza kupatikana kwa Kizulu, Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Mtoto wa Durban anaisoma kwa Kizulu alichokizoea, mama anaisoma kwa Kiswahili, kisha wote wawili wanaikabili kwa Kifaransa wakiwa wamekwisha kujua nani alimla nani. Hofu inakuwa imeondoka.

Gallica ni maktaba ya kidijitali ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, iliyofunguliwa mwaka 1997. Ni bure. Ina vitabu, magazeti na ramani za zamani. Inawafaa wakubwa na wanafunzi wa vyuo zaidi ya watoto. Culturethèque ni ya Institut français. Ina magazeti ya leo, vibonzo na vitabu vya kusikiliza, na mlango wake hufunguliwa kwa uanachama wa vituo kama Alliance. TV5MONDE ina masomo ya bure yaliyopangwa kwa ngazi. Nayo RFI ina habari zinazosomwa kwa Kifaransa chepesi, na tangu mwaka 2010 ina idhaa ya Kiswahili. Mume wangu husikiliza habari kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kifaransa. Binti yetu, aliyekuwa akicheka, siku hizi humsahihisha.

Data ni ghali, nalijua hilo. Pakueni mahali penye intaneti ya bure, halafu someni nyumbani.

Nne: vitabu vya kwetu

Msidhani kusoma Kifaransa ni kusoma habari za Paris peke yake. Paul Lomami Tchibamba alichapisha Ngando mwaka 1948, Kongo ikiwa bado koloni. Zamenga Batukezanga, aliyezaliwa 1933 na kufariki 2000, aliandika kwa Kifaransa rahisi juu ya maisha ya kijiji na mji, na wanafunzi wa rika langu walipokezana vitabu vyake mpaka majalada yakaachia. Kwa kijana wa sekondari natoa L'Enfant noir cha Camara Laye wa Guinea, cha 1953. Kwa akina mama Une si longue lettre cha Mariama Bâ wa Senegal, cha 1979. Wenye elimu ya juu wana V. Y. Mudimbe, aliyetutoka mwaka 2025, na Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye Tram 83 yake ya 2014 ni ya watu wazima, msiwape watoto.

Namna ya kusoma

Nikiri kosa la pili, dogo kuliko la kwanza. Nilipopata kadi ya maktaba nilileta nyumbani sarufi nene na riwaya ya kurasa 300, nikawaketisha watoto mezani kama mwalimu mwenye fimbo. Siku ya tatu mmoja alilala juu ya kitabu. Nilikuwa nataka kulipa deni la miaka 11 kwa juma moja.

Nilipotulia nilifanya hivi. Dakika 15 kila jioni baada ya chakula, si zaidi. Kitabu cha picha, hata kwa mtoto wa miaka 12. Mwanzo hauna haya. Ukurasa mmoja nasoma mimi, ukurasa mmoja anasoma yeye. Neno asilolijua haliandikwi mpaka limejitokeza mara tatu. Jumapili anamsomea baba yake, ambaye anaruhusiwa kuuliza lakini haruhusiwi kusahihisha. Wazazi msiojua Kifaransa kabisa, msijitoe. Wekeni sauti ya msomaji kutoka katika simu, mfuatishe mstari kwa kidole pamoja na mtoto. Mtoto akiona mzazi naye anajikwaa, hataona haya kujikwaa.

Baada ya mwaka mmoja binti yangu alisoma hadithi yake ya kwanza bila msaada. Baada ya miaka mitatu alimwandikia kaka yake Bukavu barua ya Kifaransa yenye makosa tisa. Kaka yake aliyahesabu, akamrudishia, na chini akaandika: "Endelea."

Maombi yangu kwa mkutano

Bwana Mwenyekiti, namalizia kwa maombi matatu.

La kwanza, tuanzishe sanduku la vitabu la ukoo, likae Durban, na liwe na daftari la kuazima. Ndugu wa Montréal na Brussels, maktaba za umma huko huuza kwa bei ndogo vitabu vilivyoondolewa rafuni. Kila anayekuja katika mkutano alete viwili, vyembamba, vya watoto. Msilete ensaiklopidia, mizigo hupimwa. Haba na haba hujaza kibaba.

La pili, mfuko wetu wa ukoo ulipie uanachama wa Alliance kwa familia moja au mbili za hapa kila mwaka, kwa zamu, kwa sharti kwamba familia hiyo itawasomea watoto wa familia nyingine Jumamosi moja kwa mwezi.

La tatu ndilo la moyo wangu. Zile kurasa 118 zigawanywe. Kila nyumba ipewe zile zinazoitaja nyumba hiyo. Vijana waziandike upya kwa mkono, Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, na wazee wahakiki wakiwa bado pamoja nasi. Mkutano ujao tuziunganishe, tuchape kitabu, nakala moja kwa kila nyumba, ili mlango mmoja ukivunjwa tena, daftari lisiishie mlango huo.

Kijana wangu bado yuko Burundi na bibi yake. Juzi nilimwambia kwa simu kwamba nitasema habari zake mbele yenu, nikamwomba ruhusa. Alikubali. Kisha akaniambia kuna neno katika ukurasa wa 41 ambalo haelewi. Ameliangalia katika kamusi na halimo. Anadhani babu alikosea herufi, au ni neno la zamani la wapima ardhi. Ameomba wazee walitazame.

Nimeuchapa ukurasa huo kwa herufi kubwa. Uko pale mezani, karibu na birika la chai. Baba mkubwa, naomba uanze wewe.